Ufunguo wa Geti la Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, saa yetu ya kuwakumbuka waliotutoka imewadia. Punguzeni moto jikoni, vuteni viti karibu. Na wewe uliyefunga redio kwenye usukani wa baiskeli, usiende mbio, maana leo tunamkumbuka mtu wa baiskeli. Tunamkumbuka Mzee Mwinyijuma Sabiri, fundi baiskeli wa Mabawa, hapa hapa Tanga. Mzee Mwinyijuma alifariki dunia Alhamisi ya wiki iliyopita. Alizikwa Ijumaa, baada ya sala. Alikuwa na umri wa miaka sabini na mmoja.

Kama umewahi kupata pancha pande za Mabawa, ulimjua. Alikaa kando ya njia chini ya turubai la bluu, beseni la maji mbele yake, mipira ya matairi imening'inia kichwani pake. Kila aliyepita alimsalimia, naye akajibu. Alijibu watoto, alijibu wazee, alijibu mpaka wale waliokuwa wakimkwepa kwa sababu baiskeli zao hawajaja kuzichukua. Hata akiwa ameng'ata spoki mdomoni alijibu, na ukaelewa. Lishikeni hilo, wasikilizaji wapendwa. Mzee Mwinyijuma alikuwa mtu wa salamu. Tutalirudia.

Jambo la pili ni mpira. Mzee Mwinyijuma alikuwa shabiki wa timu mbili. Ya kwanza ni Mabawa Rovers, timu ya soka, aliyoanza kuifuata mwaka 1974. Ya pili ni Dada wa Katani, timu ya mpira wa pete ya wafanyakazi wa shamba la mkonge, aliyoanza kuifuata mwaka 1981. Hii ya pili aliifuata kwa sababu mfungaji wake alikuwa msichana mrefu, mweusi, asiyecheka ovyo, aitwaye Kijakazi. Mwaka uliofuata alimuoa. Bi Kijakazi ndiye mjane wake leo, na ndiye aliyetupokea nyumbani kwake tulipokwenda kuhani.

"Nilikuwa nikimwambia," alitusimulia Bi Kijakazi, "wewe bwana una timu mbili ili upate kulia mara mbili kwa wiki."

Na kulia alilia. Mimi mtangazaji wenu si mtu wa Rovers, na marehemu alilijua hilo na alinitania nalo kila nilipompelekea baiskeli. Lakini ukweli lazima usemwe. Rovers ni timu ya kukuonjesha asali kisha ikakunyang'anya mzinga. Iliongoza ligi mpaka Ramadhani, ikaisha ya saba. Ilipata mshambuliaji hodari, akachukuliwa na timu za Dar es Salaam kabla jezi yake haijapauka. Ilifika fainali ya kombe la mkoa mara nne, na mara zote nne kombe likaondoka na wageni. Mzee Mwinyijuma alikuwepo mara zote nne. Alirudi kwa miguu akisukuma baiskeli, maana alisema mtu aliyefungwa hapandi.

Dada wa Katani nao walikuwa na siku zao. Mwaka 1986 walikwenda Korogwe kucheza fainali. Dakika ya mwisho wako sare, mpira uko mikononi mwa Bi Kijakazi, goli liko juu ya kichwa chake. Akarusha. Mpira ukazunguka juu ya pete, ukatokea nje. Wapinzani wakaenda wakafunga. Basi, ikaishia hapo. Kwenye lori la kurudi Tanga watu walikaa kimya. Bi Kijakazi akasimama, akashika bomba la lori, akasema, "Jamani, nimekosa mimi. Nisameheni." Mwinyijuma alikuwemo kwenye lori lile. Alisimulia maisha yake yote kwamba kabla hawajafika Muheza, wanawake wale walikuwa wanaimba.

Sasa, wasikilizaji wapendwa, tufike mwaka 2008. Hapa ndipo penyewe.

Rovers walikuwa na mechi ya mwisho ya msimu. Walihitaji sare tu wabaki kwenye daraja lao. Sare tu. Timu ilikuwa na kamati ya ufundi, na nyote mnajua kamati ya ufundi si ya kufundisha mpira. Ni ile kamati inayohangaika na mambo ya gizani, ya kujua timu ipite mlango gani na nani atangulize mguu upi. Mzee Mwinyijuma alikuwemo kwenye kamati ile. Wakamtuma yeye peke yake kwa mganga mmoja, na mganga akasema hivi: geti kubwa la uwanja limeshaharibiwa na wapinzani. Atakayepita geti kubwa atafungwa. Timu ipite geti la nyuma.

Geti la nyuma lilikuwa na kufuli, na ufunguo alikuwa nao Manase, mlinzi wa uwanja. Manase ni Msambaa, Mlutheri, mtu mpole. Yeye na Mwinyijuma walikuwa wakitaniana miaka mingi. Mganga alitaka ufunguo ule ulale kwenye bakuli la maji ya bahari usiku mzima. Kesho yake upelekwe uwanjani kwa miguu, mkono wa kushoto. Tena siri, asiambiwe mtu. Na sharti kubwa lilikuwa hili: mbeba ufunguo asimsalimie mtu njiani, wala asiitikie salamu ya mtu. Akisalimia, au akiitikia, arudi nyumbani anawe upya na aanze safari upya.

Mnacheka? Chekeni. Lakini fikirini. Mtu wa Tanga, fundi baiskeli wa Mabawa, apite Mabawa mchana kweupe asiitikie salamu. Afadhali angeambiwa aende akiwa ameshika pumzi.

Jioni ya siku ile, kuamkia mechi, Mwinyijuma alikwenda kwa Manase, akamwomba ufunguo. Manase hakuruhusiwa kumpa mtu yeyote. Akampa. "Uwahi tu," alimwambia. "Mimi nitasimama getini nakungoja." Mwinyijuma akawaambia wenzake wa kamati kila kitu kiko tayari, waende geti la nyuma, Manase atafungua. Hakuwaambia ufunguo uko kwake. Siri ni siri.

Mechi ilikuwa saa kumi. Saa nane kamili Mzee Mwinyijuma akatoka nyumbani, ufunguo mkono wa kushoto, kanga ya mkewe kichwani kama mtu mwenye homa. Jirani wa kwanza akamwita, akakohoa akapita. Wa pili akamwita, akajitia kuangalia juu. Pale kwenye kona ya duka la mkaa akakutana uso kwa uso na Bi Samiha. Bi Samiha ni nani? Ni mama yake Bi Kijakazi. Mama mkwe wake.

"Mwinyijuma mwanangu," akasema yule bibi, "mbona umejifunika hivyo, hujambo?"

Wasikilizaji wapendwa, kuna kushuka daraja, na kuna kumpita mama mkwe bila kumwitikia. Mwinyijuma alisema, "Sijambo mama, shikamoo." Akageuka nyuma, akarudi nyumbani, akanawa, akaanza upya.

Safari ya pili akazunguka njia nyingine, mbali kidogo. Kule akamkuta kijana ameanguka na baiskeli, goti linatoka damu. Akamwambia, "Pole mwanangu." Alipopiga hatua kumi akasimama katikati ya njia kujiuliza: pole ni salamu, au si salamu? Alijiuliza muda mrefu. Mwisho akaona asibahatishe. Akarudi tena nyumbani, akanawa, akaanza upya. Simu ikaita mfukoni. Ilikuwa ya Manase. Ikaita mara sita. Hakupokea, kwa sababu ukipokea simu huna budi useme haloo, na haloo nayo ni salamu.

Alifika uwanjani saa kumi na dakika arobaini. Wachezaji wa Rovers walikuwa wamesimama geti la nyuma kwenye jua zaidi ya saa nzima, jezi zimelowa jasho kabla ya mpira kuchezwa. Ukuta ulikuwa na vipande vya chupa juu, haupandiki. Geti kubwa kamati ililikataa, mpaka dakika ya mwisho ilipokubali kwa shingo upande. Timu ikakimbia kuzunguka uwanja. Walipoingia, mwamuzi alishapuliza filimbi yake na kufunga kitabu. Wapinzani walipewa ushindi wa mezani, pointi tatu na mabao matatu. Rovers wakashuka daraja kwa pointi moja. Nasema tena, kwa pointi moja.

Mwinyijuma alipenya kwenye kundi la watu. Katikati alimkuta mwenyekiti wa klabu amemshika Manase ukosi wa shati. "Ufunguo uko wapi?" mwenyekiti alikuwa akiuliza. "Manase, nakuuliza, ufunguo uko wapi?" Watu wameshika mawe. Manase akainua macho, akamwona Mwinyijuma nyuma ya mabega ya watu. Wakatazamana. Kisha Manase akasema, "Nimeupoteza."

Na Mwinyijuma, ufunguo umo kiganjani mwake, alinyamaza.

Manase alifukuzwa kazi jioni ile ile. Watu wakamwita msaliti, wakasema amenunuliwa. Wiki haikuisha akafunga mizigo, akaenda kulima Maramba. Na Mzee Mwinyijuma akaendelea kuziba pancha, akaendelea kuitikia salamu, akaendelea kwenda uwanjani kila Rovers walipocheza. Walicheza huko chini na timu ambazo majina yake hata mimi mtangazaji nilikuwa nayasoma mara mbili. Hakukosa hata mechi moja. Ila hakukaa tena jukwaani. Alisimama peke yake karibu na geti la nyuma. Watu walidhani ni uchungu wa shabiki. Alikaa hivyo miaka kumi na mmoja.

"Mimi nilijua kuna kitu," Bi Kijakazi alituambia. "Ukiishi na mtu unamjua. Lakini sikumchokonoa. Jipu linajua siku yake."

Siku yenyewe ilikuwa Jumanne, mwaka 2019, wakinywa chai. Bi Kijakazi alikuwa anamsimulia mjukuu habari za Korogwe, ile fainali, ile pete, lile lori. Alipofika pale aliposema "nimekosa mimi," Mzee Mwinyijuma akaweka kikombe chini. Akaingia ndani. Akatoka na kopo la gundi ya pancha, akalimimina mezani. Kikadondoka kifunguo kilichoota kutu.

Alimweleza mkewe yote, tangu bakuli la maji ya bahari mpaka ule ukimya. Alimweleza huku analia. Bi Kijakazi akamsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea chai, kisha akasema, "Manase yuko Maramba. Hayuko Marekani. Na baiskeli unayo."

Alikwenda kwa baiskeli, mtu wa miaka sitini na minne. Alitoka baada ya sala ya alfajiri, akafika adhuhuri. Bintiye Hafsa anasema baba alimwambia kwamba njia nzima alimsalimia kila mtu, hata waliokuwa mbali mashambani. Aliwapungia mkono na kuwapigia kengele.

Alimkuta Manase anapalilia mihogo. Manase akainuka, akashika kiuno, akamwangalia akija mpaka akafika na kushuka. Mwinyijuma akatoa ufunguo, akaunyoosha kwa mikono miwili.

Manase akauangalia ule ufunguo. Akasema, "Mzee Mwinyi, umechelewa tena."

Wasikilizaji wapendwa, wanaume wale wawili walicheka mpaka mke wa Manase, Mama Dorkasi, akatoka nje kuona kuna nini. Baadaye, wamekaa wanakula, Mwinyijuma akauliza lile lililomkaa moyoni miaka kumi na mmoja. Kwa nini hukunitaja? Manase alimjibu, na maneno haya ametuthibitishia mwenyewe kwa simu jana: "Ufunguo nilikupa kwa mkono wangu, na sikuruhusiwa. Kazi ilikuwa imeshakwenda, nikutaje nisikutaje. Lakini wewe wangekufuata mpaka nyumbani, na nyumbani mna Bi Kijakazi na watoto. Nikaona hasara ya mtu mmoja inatosha. Ila niseme kweli, Mzee Mwinyi, nilikungoja uje. Mwaka wa kwanza nilikuwa naangalia njia."

Hapo Mwinyijuma hakucheka tena. Aliomba msamaha, akapewa. Lakini akasema msamaha wa shambani hautoshi, kwa kuwa jina la Manase halikuchafuliwa shambani, lilichafuliwa mjini.

Mwezi uliofuata Rovers walifanya mkutano wa wanachama. Mzee Mwinyijuma akasimama. Akaushika ufunguo juu watu wauone. Akasema, "Jamani, mwaka ule nilikosa mimi. Manase hakupoteza kitu. Nisameheni, na mumrudishie jina lake."

Mmoja akataka afukuzwe uanachama papo hapo. Mwingine akataka arudishiwe muda wake wote aliolia, na huyo alikuwa hatanii. Kisha bwana mmoja wa nyuma akauliza kwa upole, "Hebu Mzee Mwinyi, na pole ni salamu au si salamu?" Watu wakaanza kubishana. Wengine wakasema ni salamu, wengine wakasema si salamu, na katika kubishana kule kicheko kikaingia, na kicheko kikiingia kwenye mkutano wa Tanga hasira hutafuta mlango. Yule mwenyekiti wa zamani aliyemkamata Manase ukosi alikuwepo. Alisimama kwa mkongojo akasema yeye ndiye wa kwanza kumwomba Manase radhi. Wakaandika barua. Wakavunja kamati ya ufundi. Wakapitisha kwamba msimu mpya timu itapita geti kubwa kama timu nyingine zote za duniani, na atakayelifungua ni Manase.

Manase akaja kutoka Maramba na suti yake ya kanisani. Akafungua geti kubwa. Wachezaji wa Rovers wakapita, na nyuma yao akapita Mzee Mwinyijuma. Safari hii alikwenda kukaa jukwaani, Manase kulia kwake, Bi Kijakazi kushoto. Wakaangalia mpira.

Rovers wakafungwa mbili moja.

Sicheki, wasikilizaji wapendwa. Nacheka kidogo. Bi Kijakazi alimwambia mumewe pale pale, "Angalau leo mmefungwa kwa wakati." Na Hafsa anasema hajapata kumwona baba yake amefurahi vile baada ya kufungwa. Alipanda baiskeli akarudi nayo nyumbani amekaa juu ya kiti, anapiga kengele.

Rovers hawajapanda daraja mpaka leo. Dada wa Katani timu yao ilivunjika zamani, shamba lilipobadili mikono. Kwa hesabu za mpira, Mzee Mwinyijuma alifuata timu mbili miaka hamsini na hakuona kombe. Lakini alipougua mwanzoni mwa mwaka huu, nilikwenda kumwamkia, nikamuuliza kama anajuta. Akaniambia, "Mwanangu, mimi mpira umenipa mke na umenipa ndugu. Ulitaka unipe nini tena?" Kisha akanikumbusha kwamba timu yangu nayo ilifungwa Jumapili.

Siku za mwisho alikuwa hawezi kuinuka. Alimwita Hafsa, akamwambia maneno ambayo Hafsa ametuomba tuyaseme hewani. Alisema, "Siku hiyo nitapita Mabawa yote, mpaka kule kwenye kona ya duka la mkaa, na watu watanisalimia, na mimi sitamwitikia hata mmoja. Mwambieni Manase, safari hii nimeweza."

Na ndivyo ilivyokuwa. Ijumaa jeneza lilitoka Mabawa. Watu walikuwa pande zote mbili za njia, baiskeli zimelazwa chini. Manase alikuja kutoka Maramba kwa basi la kwanza. Akasimama pale kwenye kona ya duka la mkaa, akangoja. Jeneza lilipofika akaingia chini yake, akaweka bega, akabeba. Waliokuwa karibu walimsikia akisema polepole, "Hujambo, Mzee Mwinyi?" Akatembea hatua kadhaa kimya, kama mtu anayesubiri. Kisha akasema, "Haya. Twende, leo tumewahi."

Kwa Bi Kijakazi, kwa Hafsa na ndugu zake, kwa wajukuu, kwa wanachama wa Mabawa Rovers, na kwa Manase na nyumba yake huko Maramba, kituo chetu kinatoa mkono wa pole. Mwenyezi Mungu amrehemu marehemu na awape nyinyi subira. Sisi Waislamu na Wakristo wa pwani hii tumeshukuru kuwa naye.

Na sisi tuliobaki, tujiulize kitu kimoja kabla ya kulala. Kuna ufunguo gani tumeuficha kwenye kopo la gundi, na nani yuko Maramba anaangalia njia? Kama yupo, baiskeli zipo. Usingoje miaka kumi na mmoja.

Mimi nilipita jana pale kando ya njia. Turubai la bluu bado lipo, beseni limefunikwa. Nilitaka kupita tu, mguu ukakataa. Nikasimama nikasema nilivyozoea kusema kila siku, na leo nasema pamoja nanyi nyote.

Shikamoo, Mzee Mwinyijuma. Usijibu. Tumeelewa.